Sarakasi ya Bwana Fred

Siku mliyoniaga pale karakanani mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Mtu aliyeamshwa na honi ya kampuni maisha yake yote, siku anayopata ruhusa ya kulala anapewa saa. Nimeitundika jikoni kwa mke wangu, naye analalamika kwamba inamkimbiza.

Mkaniomba pia niwaandikie machache kuhusu kazi, ninyi madereva wa greda mnaobaki. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vifupi na havitajaza ukurasa. Nitawaeleza zaidi kuhusu ile barabara niliyoitengeneza kwenye shamba la watu karibu na Homa Bay, miaka ya tisini. Ilikuwa barabara nzuri kuliko zote zilizopita chini ya mikono yangu, na haikuwa inaelekea popote.

Nilitoka Kegonga nikiwa kijana mwenye mabega mapana na ujuzi wa kitu kimoja tu. Pale Migori nilipokelewa na Mzee Barasa, Mbukusu mnene aliyekuwa akiendesha greda kuukuu ya kampuni. Akaniuliza najua kuendesha nini. Nikamwambia ng'ombe. "Vizuri," akasema, "greda ni ng'ombe mwenye jeuri. Tembea mbele yake, okota mawe." Basi nikaokota mawe msimu mzima, huku ile mashine ikiningurumia mgongoni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu ilikuwa ya mawe.

Nilipopandishwa hatimaye kitini, somo la kwanza lilikuwa la aibu kidogo, lakini nitawaandikia hivyo hivyo alivyolisema. "Greda husikilizwa kwa makalio, Mwita. Macho yanadanganywa na vumbi, masikio yanadanganywa na injini, lakini makalio hayana wa kuyadanganya." Ni kweli. Ukikaa vizuri unalihisi kila jiwe ambalo kisu kinalivuka, nami nasema kisu kwa maana ya lile bapa refu la chuma linalokata ardhi chini ya tumbo la mashine. Siku hizi naona mnakalia sponji nene kama magodoro ya hoteli, kisha mnashangaa barabara kuwa na mawimbi.

Somo la pili lilikuwa la maji. Barasa alisema barabara si ya magari, ni ya maji. Ukiyapa maji njia yao, yatakuachia barabara yako. Ndiyo sababu tunaipa barabara mgongo, katikati juu na pembeni chini. Alipostaafu kurudi kwao aliniachia mto wake wa kukalia, ambao ulikuwa umeshika umbo lake kiasi kwamba nilijiona mgeni juu yake mpaka ukachanika.

Sasa nije kwa Bwana Fred.

Marehemu baba yake alikuwa mkulima mkubwa wa pamba. Aliacha shamba kubwa kati ya Homa Bay na Kendu Bay, lenye ghala la mawe, ng'ombe, na familia iliyojua kugawana salamu tu. Watoto wengi walikuwa Nairobi na walikuja Krismasi kuangalia kama ng'ombe bado wapo. Fred peke yake ndiye aliyerudi kukaa. Alikuwa amesoma Uingereza miaka mingi, kitu cha kilimo, lakini alichorudi nacho ni mapenzi ya magari ya mashindano. Alikuja na magari mawili yasiyo na viti vya nyuma, kofia ya chuma, na ramani aliyoichora mwenyewe ya barabara ya mbio itakayozunguka shamba la baba yake.

Aliiita saketi. Watu wa pale walisikiliza kwa makini, wakaona neno hilo wanalijua, nao wakaliita sarakasi. Mwanzoni alijaribu kuwasahihisha. Alikwenda mpaka sokoni akiwaeleza kwamba sarakasi ni ya watu wanaoruka na kutembea juu ya kamba, na saketi ni ya magari. Wakamwelewa kabisa. Kesho yake wakamuuliza sarakasi itafunguliwa lini.

Kampuni yetu ilikodishwa, nikatumwa na greda pamoja na Opiyo, dereva wa rola. Opiyo alikuwa Mjaluo wa Kendu Bay, mwembamba, mwenye maneno mengi na mwendo mmoja tu, ule wa rola. Mimi Mkuria, yeye Mjaluo, tulitaniana kwa Kiswahili tangu chai ya asubuhi mpaka kuzima injini. Aliniambia Wakuria hatujui samaki ana mifupa. Nikamwambia Wajaluo hawajui kitu kingine chochote ila samaki. Tuliishi vizuri.

Shamba lile lina udongo mweusi, ule wa pamba. Tulifika wakati wa kiangazi ukiwa mgumu kama sakafu. Bwana Fred akaukanyaga kwa kisigino, akasema unatosha kubeba barabara. Mimi nikapitisha kisu, nikakubali. Opiyo akapitisha rola, akakubali. Ikaja mvua, haikukubali. Udongo ulivimba kama mandazi, maram yote tuliyomwaga juu yake, ule udongo mwekundu wa changarawe, ikamezwa, na rola ikazama mpaka Opiyo akawa anashuka kwa kupanda. Ninyi vijana, mkikutana na udongo huo msibishane nao. Uchimbeni wote mpaka mfike pagumu, jazeni mawe, ndipo mlete maram, muimwagie maji, muishindilie, kisha muipe mgongo. Hivyo ndivyo tulivyofanya mara ya pili, na hiyo mara ya pili ilikula miaka, kwa sababu Fred alikuwa akiuza ng'ombe kwanza, ndipo tunaendelea.

Lakini udongo haukuwa kesi ngumu. Kesi ngumu ilikuwa nyumba.

Baba yake Fred alikuwa na wake wawili. Mama mzazi wa Fred, mke wa pili, alifariki Fred akiwa bado mchanga, naye akalelewa na mke wa kwanza, Mama Dorina. Waswahili wangemwita mama wa kambo, lakini watu wote wa pale walinihakikishia kwamba alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuzika. Mke wa kwanza Wajaluo humwita mikayi, na si jina la kupigia kelele tu. Nyumba yake ndiyo kichwa cha boma. Mama Dorina alikuwa akiishi bado katika nyumba hiyo, ya udongo na bati, peke yake, na mbele ya mlango palikuwa na kaburi la mumewe. Kando ya kaburi palikuwa na nafasi ya majani iliyofagiwa kila siku. Hiyo nafasi ilikuwa yake. Alikuwa haogopi kuionyesha, kama mtu anavyoonyesha kitanda.

Na ramani ya Fred ilikuwa na sehemu moja ndefu iliyonyooka, ambapo magari yangeachiwa mwendo wote. Aliiita streti. Ilianzia ghalani, ikapita mlangoni kwa Mama Dorina, juu ya ile nafasi, ikateremka kuelekea ziwani.

Nilitumwa kwenda kusafisha uwanja. Nilipofika na greda, mama akatoka na kigoda na ungo wa njugu, akaketi mbele ya kisu, akaanza kumenya. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, Msabato, kitambaa cheupe kichwani, na macho yaliyonitazama kama yanayonipima suruali.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Chacha, mama. Wa Kegonga."

"Kumbe Kuria. Sasa kwenu, mke wa kwanza wanamtoa na trekta?"

"Hapana, mama."

"Basi zima hiyo kitu. Unakula vumbi na mimi unanilisha."

Nikazima. Fred akaja mbio, amevaa miwani ya jua. Akachutama karibu na kigoda na kuanza kuzungumza kwa sauti ya daktari. Angemjengea nyumba ya mawe kule juu, karibu na barabara kuu, yenye umeme na choo cha ndani.

"Na baba yako?" mama akauliza. "Yeye pia atahamia umeme?"

"Mama, kaburi tutalihamisha na heshima zote. Padri atakuja, pasta atakuja."

"Na mimi nitalala wapi?"

"Mama, hata hujaugua."

"Mimi nimekuuliza kulala. Kuugua ni yangu."

Fred akasimama, akavua miwani. "Mama, streti haiwezi kupinda bila sababu."

"Mimi ndiyo sababu," akasema, akaendelea na njugu.

Basi barabara ikapinda. Nilipiga vigingi, nikavuta kamba, nikaizungusha nyumba ile kwa kona pana niliyoinamisha upande wa ndani ili magari yasitupwe nje. Nilikaa kwenye kona hiyo wiki baada ya wiki, nikipunguza hapa unene wa kidole, nikiongeza pale, mpaka makalio yangu yakaridhika. Nilijivunia kona ile kuliko mtoto wangu wa kwanza, ambaye naye alitoka vizuri. Wageni wa Fred walipoiendesha kwa majaribio walisema ndiyo kona bora katika saketi nzima. Fred akawaambia aliibuni Uingereza.

Lakini moyoni hakusamehe. Kona ilimlia mwendo. Aliendelea kuichora streti kwenye karatasi, kwenye vumbi la bodi ya gari, hata kwenye ugali kwa kijiko. Tena akaanza kumjali mama yake kwa njia ambayo ilimfanya Opiyo ateme mate pembeni. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kuuliza, "Mama, umeamkaje leo?"

Naye mama akajibu, "Bado."

Ndivyo walivyosalimiana, mwaka nenda mwaka rudi. Mimi nilicheka mwanzoni. Baadaye nikaacha kucheka, kwa sababu nilianza kumpenda yule mama. Aliniletea uji kwenye kona, akinilaumu kwamba greda inawatisha kuku wasitage, kisha ananipa mayai.

Hatimaye Fred akatangaza mashindano ya kwanza. Madereva wangetoka Nairobi na Kisumu, na wageni wenye kofia pana wakajengewa jukwaa la mbao. Siku aliyochagua ni Jumapili, kwa kuwa Jumamosi Mama Dorina angeomba mvua kanisani na pengine angesikilizwa. Kumbe Jumamosi hiyo mama hakufika kanisani. Alikuwa amelala na malaria tangu katikati ya wiki. Wasabato wenzake walikiona kiti chake kitupu, wakarudi makwao wakinong'ona, na mpaka jioni kila mtu kandokando ya ziwa alijua kwamba mikayi yu hoi.

Asubuhi ya mashindano tukagundua kwamba bendera za kuonya, ambazo Fred aliagiza Nairobi, hazikuletwa. Ilikuja moja tu, ile ya miraba ya kumalizia. Tulikuwa na namna ya kuwapongeza watu kwa kufika, lakini hatukuwa na namna ya kuwaambia wasife njiani. Fred akafikiri. Alisema gari lake litatangulia mengine polepole mzunguko wa kwanza, taa zikiwaka, likipiga honi, ili watu na mbuzi watoke barabarani. Na mbele ya gari tufunge matawi ya miti, kama onyo.

Niliona ni akili. Mtu wa barabara akiona majani anaona lori lililoharibika mbele, anapunguza mwendo. Nikakata matawi mazuri kwenye ua, tukayafunga kwenye boneti na kwenye vioo. Opiyo alikuwa ziwani akijaza lori la maji, na yeye ndiye angetuambia. Fred mwenyewe ni Mjaluo, lakini ujana wake wote matanga ya kwao aliyasoma kwenye barua. Alikuwa amesahau, na mimi sikufikiria, kwamba pande zile gari lenye matawi mbele, linalokwenda polepole taa zikiwaka na honi ikilia, ni gari la aina moja tu. Ni gari linaloleta maiti nyumbani.

Na gari hilo, likifuatwa na msafara wa mengine, likaonekana likiizunguka nyumba ya Mama Dorina.

Kilio cha kwanza kilitoka kwa Mama Akinyi, jirani, aliyekuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, ng'ambo ya ua. Aliachia ungo, akaweka mikono kichwani, akaanza kukimbia. Cha pili kikajibu kutoka kilimani. Wakatoliki walikuwa kwenye misa, na naambiwa padri alibaki na mwili wa Kristo mkononi huku kanisa likimwagika kwa mlango. Kabla magari hayajamaliza mzunguko, uwanja ulikuwa umejaa. Nyuma ya wanawake wakaja wanaume na ng'ombe, mikuki juu, majani yamefungwa pembeni mwa pembe, wanakimbia na kupiga makelele ya vita. Wajaluo huita hiyo tero buru. Ni kukifukuza kifo kitoke bomani, na kwa mtu mkubwa kama mikayi hukifukuza kweli kweli. Walitafuta pa kukimbiza ng'ombe, wakaona barabara pana, laini, iliyozunguka boma lote. Nani angeipita hiyo?

Hivyo mbio za kwanza katika sarakasi ya Bwana Fred zilikuwa za ng'ombe. Nami nawaambia kwa uaminifu wa kazi, kwenye kona yangu hakuteleza hata mmoja.

Magari yalikwama katikati yao. Dereva mmoja alipandisha vioo na kuanza kusali. Kwenye jukwaa, mgeni wa kofia pana alisimama akapiga makofi, akamuuliza jirani yake kama ngoma imejumuishwa kwenye tiketi.

Greda yangu ilikuwa imeegeshwa upande wa ndani wa kona, chini ya dirisha la Mama Dorina, tayari kurekebisha barabara baina ya mbio. Niliona Mama Akinyi akijitupa juu ya boneti la Fred, juu ya matawi yale, akilia, "Fred, mama ametuacha, mama ametuacha." Nami nikaamini. Sikuwa nimemwona tangu juzi. Nikashika tairi la greda. Opiyo aliyekuwa amefika na lori la maji alikaa chini akafunika uso kwa kofia.

Fred akatoka garini. Akavua kofia ya chuma, akapenya kati ya watu, uso wake umekunjamana, nikadhani analia na nikamwonea huruma. Akafika kwangu. Akanishika bega.

"Mwita," akasema chinichini. "Watu wakimaliza matanga, unaanzia jikoni. Polepole, usiharibu bati."

Nimefanya kazi na watu wa kila namna, walevi, wezi wa dizeli, wahandisi. Sijawahi kusikia maneno yaliyonichefua kama hayo. Nilikuwa bado natafuta jibu lisilo la ngumi, dirisha likafunguka juu ya vichwa vyetu.

"Bati ni zangu, Fred," Mama Dorina akasema. "Nilinunua na pamba yangu."

Kisha akatokea mlangoni, leso mabegani, anatetemeka kwa homa, ameshika mwimo. Wa mbele walimwona wakanyamaza, na ukimya ukaenda ukirudi nyuma mpaka tukabaki kusikia ng'ombe wakihema. Wachache walikimbia. Mama Akinyi alibaki juu ya boneti na mdomo wazi.

"Nani amekufa?" mama akauliza.

Wanaume wakashusha mikuki.

"Nimewasikia mkilia," akasema. "Mmelia vizuri, asanteni. Akinyi, wewe umelia mpaka nimekuonea huruma. Ni huyu moja tu hajalia. Yeye ameita greda."

Watu wote wakamgeukia Fred. Akajaribu kucheka. Akaeleza habari ya bendera ambazo hazikuja kutoka Nairobi, na hakuna maelezo yaliyowahi kusikika ya kipumbavu kama hayo.

Wazee wakaketi hapo hapo kwenye kona, maana jambo lilikuwa zito. Opiyo alinitafsiria. Mtu ameliliwa akiwa hai. Machozi yametoka, ng'ombe wamekimbia, kifo kimeitwa kwa jina la mtu na kufukuzwa. Kilio cha namna hiyo hakirudi nyumbani mikono mitupu. Pasipozikwa kitu, kitarudi kumtafuta yule yule. Kwa mtu aliyepotea asipatikane, kwa mfano aliyezama ziwani, huzikwa tunda la yago, lile refu kama rungu, badala ya mwili. Mzee mmoja akapendekeza waende kuchuma yago.

Mama Dorina alikuwa amewekewa kiti, amefunikwa blanketi. "Yago ni ya mtu amepotea," akasema. "Mimi nimepotea wapi? Zikeni hiyo sarakasi."

"Mama," Fred akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya mtoto kweli, "hiyo ni kazi ya miaka."

"Na wewe ulikuwa kazi ya siku ngapi mgongoni kwangu?"

Mzee aliyetaka yago akatikisa kichwa kwamba inatosha. Mama akanitazama. "Mwita, washa hiyo kitu."

Mtaniambia nilifurahi. Niliumia, vijana. Nilimpenda mama na nilimchukia Fred saa ile, lakini barabara haikuwa imenikosea. Ilikuwa imeinama pale inapotakiwa, imekauka pale inapotakiwa, mvua mbili kubwa zilikuwa zimepita bila kuacha hata alama ya kidole. Nilimtazama Opiyo, naye akatazama pembeni. Nikapanda, nikashusha kisu, nikaanza kwenye mstari wa kumalizia. Niliipasua maram, nikauvuta udongo mweusi kutoka pembeni na kuulaza juu yake, na kila nilipopita wanawake wakalia, kwa maana kilio kilikuwa kimeshaandaliwa na hakikutaka kupotea. Nami nililia. Kwa vumbi lile hakuna aliyejua.

Wazee walitaka Fred atupe udongo wa kwanza kama mwenye msiba. Alitupa akiwa na glavu za kuendeshea. Mama akamwambia avue. Akavua, akatupa tena. Chakula cha wageni kililiwa na waombolezaji, na yule wa kofia pana aliondoka akisema hajawahi kuona ufunguzi kama ule.

Baada ya hapo nilirudi Migori kwenye barabara za kawaida, zile zinazotengenezwa kabla ya uchaguzi na kufa baada yake. Mama alipona malaria ile. Nilimpitia kila nilipokuwa na kazi pande hizo. Mtama ulikuwa umeota juu ya sarakasi, mrefu na mzito, maana tuliupa mbolea ya ng'ombe wengi. Fred alibaki shambani, kimya kidogo, magari yake chini ya turubai. Asubuhi alikwenda mlangoni kama kawaida. Lakini sasa, nilisikia kwa masikio yangu, aliuliza, "Mama, uji umekunywa?" na mama akamwambia aingie.

Miaka michache baadaye, kabla ya muongo ule kwisha, nilikuwa nikichonga barabara ya Kendu Bay, Fred akanijia kwa miguu. Suti imemkaa upande, viatu vina tope. Mama Dorina alikuwa amefariki alfajiri, kitandani kwake, nyumbani kwake. Nikazima mashine nikamfuata, na tulipofika nikaona uwanja mtupu. Hakuna mtu. Hakuna hata mwanamke mmoja wa kulia. Habari zilikuwa zimefika kila boma, lakini watu waliwahi kumlilia akiwa hai kwa sababu ya huyo huyo Fred, na hakuna aliyekuwa tayari kumwitia kifo mara ya pili.

"Twende wote," Fred akaniambia. "Wewe watakuamini. Wewe ni Kuria, hauna faida hapa."

Tukaenda boma kwa boma. Langoni Fred alisimama wima, akasema maneno yale yale, kwamba mama amelala, safari hii ni kweli. Watu walimsikiliza, wakanitazama mimi, nami nikatikisa kichwa kukubali, wakasema pole, wakarudi ndani kungoja aende kwanza mtu mwingine. Alivyosema ilikuwa kama mtu anayetangaza mkutano. Jua lilikuwa linatuchoma tulipofika kwa Mama Akinyi. Alikuwa anapepeta omena langoni na hakusimama.

"Ni kweli?" akaniuliza mimi.

"Ni kweli, mama."

Akaweka ungo chini. Nilingoja mikono ipande kichwani, haikupanda. Alimtazama Fred muda mrefu, bila hasira.

"Sisi tulishamlilia," akasema. "Aliyebaki ni wewe."

Fred akafungua mdomo kumjibu, na kilichotoka hakikuwa maneno. Akakaa chini pale pale langoni, na suti yake, akalia mpaka watu wakaanza kutoka majumbani.